TennCare 2005: watu 170,000 walitolewa kwenye bima, mbona ajira zikapanda?

Kiangazi cha 2005 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianza kuwatoa watu kwenye bima yake ya afya ya serikali inayoitwa TennCare. Mpaka zoezi linaisha watu wazima kama 170,000 walikuwa nje, yaani karibu asilimia 4 ya watu wazima wote wa jimbo walio chini ya miaka 65. Halafu ukija kuangalia takwimu za ajira za kipindi kilichofuata, unakuta watu wa kundi lile lile lililoguswa zaidi wanaonekana makazini kuliko mwanzo, na siyo kwa tofauti ya kubahatisha macho, ni tofauti kubwa kiasi kwamba miaka tisa baadaye ikawa silaha ya kupigania na kupingia Obamacare, ile sheria ya kupanua bima ya afya Marekani nzima.

Hicho ndo kisa ninachotaka tukipasue. Kila mtu anakitaja akitaka kusema bima ya serikali inalemaza watu, ila ukikichambua vizuri kinasema kitu kingine kabisa, na kwenye suala la mishahara ndo kinanoga zaidi.

Tuanze na hiyo TennCare yenyewe maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini matokeo yalikuwa vile. Kawaida Medicaid, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini, enzi hizo haikuwa bima ya kila maskini, ilikuwa ya watoto, wajawazito, wazazi maskini sana, walemavu na baadhi ya wazee. Mtu mzima mzima wa miaka 40, hana mtoto anayemlea, hana ulemavu, hata awe hana senti, sehemu nyingi alikuwa hahusiki. Tennessee chini ya gavana Ned McWherter ikaomba kibali maalum serikali kuu, na kuanzia Januari 1994 ikawapeleka watu wake wote wa Medicaid kwenye kampuni binafsi zinazosimamia matibabu kwa malipo ya kudumu kwa kichwa, ikitegemea kwamba hela itakayookolewa itatosha kuingiza watu wapya. Na watu wapya wenyewe walikuwa wa aina mbili: wasio na bima yoyote, na wale ambao kampuni za bima ziliwakataa kwa sababu ya ugonjwa. Aliyekuwa na kipato juu ya mstari wa umaskini aliruhusiwa kuingia ila alichangia kila mwezi kulingana na kipato chake.

Hapo kuna jambo la kushika. Wengi wa waliokuja kutolewa 2005 hawakuwa maskini wa kutupwa wala wagonjwa wa kitandani, walikuwa watu wa katikati-chini, wenye uwezo wa kufanya kazi na wengine walishakuwa kazini siku za nyuma. Sio Medicaid ya kawaida ile. Ukichukua namba ya Tennessee ukaibandika kwa kila mradi wa bima duniani umeshapotea hapo hapo.

Hela sasa. Tennessee haina kodi ya mishahara ya jimbo, inaishi kwa kodi ya mauzo, na gavana aliyefuata, Don Sundquist, pamoja na kwamba ni wa Republican, chama kisichopenda kodi, alijaribu kuanzisha kodi ya mapato, watu wakazunguka jengo la bunge la jimbo pale Nashville wakipiga honi mchana kutwa, Julai 2001 mpaka vioo vikavunjwa, kodi ikafa. Kwa hiyo mapato hayakui na matumizi ya TennCare yanakua, ikibeba zaidi ya watu milioni moja kwenye jimbo lenye watu wasiofika milioni 6. Akaja gavana Phil Bredesen, wa chama pinzani cha Democrat, ambaye kabla ya siasa alikuwa bosi wa kampuni ya bima ya afya, huyu alijua hesabu. Novemba 2004 akatangaza kwamba mpango unafutwa, Januari 2005 akalegeza kidogo akasema watatolewa watu wazima zaidi ya laki tatu, watoto wabaki, mwisho wa siku wakatoka hao 170,000 na watu wazima wengi waliobaki wakawekewa ukomo wa dawa tano kwa mwezi, na kati ya hizo zisizidi mbili za jina la kampuni (zile za bei ghali, siyo nakala zake za bei nafuu). Na hapa nacheka kwa uchungu kidogo, maana serikali kuu ilikuwa inalipa karibu senti 65 ya kila dola ya mpango, yani jimbo likiokoa senti zake 35 linazikataa 65 za Washington.

Sasa vaa viatu vya mtu mmoja, wa kufikirika tu. Ana miaka 50, ana kisukari na presha, anafanya vibarua vya masaa machache kwa wiki, TennCare inamlipia dawa na kliniki. Barua inakuja kwamba umetolewa. Ana njia gani? Kununua bima mwenyewe sokoni, mwaka 2005 kampuni ilikuwa na haki ya kumuuliza maswali ya afya yake yote na kumkataa au kumpandishia bei au kumwambia tutakufunika kila kitu isipokuwa kisukari, na TennCare ndo ilikuwa kimbilio la watu wa namna hiyo. Kulipa mfukoni, kwa bei za matibabu za Marekani huko ni kufilisika. Imebaki njia moja tu: atafute mwajiri mwenye bima ya kikundi, kwa sababu kwenye kikundi huwezi kubaguliwa bei kwa ugonjwa wako, sheria ya 1996 ilishakataza. Na bima za kikundi hawapewi watu wa masaa machache, wanapewa wanaofanya kazi muda wa kutosha. Kwa hiyo huyu mtu hatafuti kazi kwa sababu amegundua utamu wa kazi. Anatafuta kadi ya bima, na kazi ndo mlango pekee uliobaki wazi.

Wachumi watatu, Craig Garthwaite, Tal Gross na Matthew Notowidigdo, ndo walioichambua hali hii, utafiti wao ulitoka rasmi 2014. Njia yao ni rahisi kuelezeka. Walichukua Tennessee wakailinganisha na majimbo mengine ya kusini kabla na baada ya 2005, halafu ndani ya Tennessee wakatenganisha watu wazima wasio na watoto (hawa ndo waliopigwa zaidi na zoezi) na wenye watoto. Matokeo: kwenye kundi la wasio na watoto, wenye bima ya serikali walishuka kwa zaidi ya pointi 7 za asilimia, na walioajiriwa wakapanda kwa kama pointi 4.6. Ukigawanya unapata kwamba kwa kila watu kumi waliopoteza bima, kama sita waliingia kazini. Hata watu kutafuta nafasi za kazi kwenye Google kuliongezeka Tennessee wakati huo huo wa zoezi.

Lakini kitu ambacho wanaonukuu huwa wanakiruka ni hiki: ongezeko halikuwa la kazi yoyote ile. Lilikuwa karibu lote kwenye kazi za masaa 20 na zaidi kwa wiki, na kwenye kazi zenye bima ya mwajiri. Kazi za masaa machache zisizo na bima hazikupata hiyo mafuriko. Ingekuwa tatizo ni uvivu, kwamba watu walikuwa wanakula bure na sasa njaa imewaamsha, ungetegemea waingie kazi ya aina yoyote iliyo karibu. Wao walikwenda moja kwa moja palipo na bima. Wachumi wanasema mtu amefungwa kazini na bima, na TennCare ilikuwa imewafungulia watu hao, 2005 wakafungwa tena. Binafsi naona huo ndo usomaji sahihi, na ukishaukubali basi kupanda kwa ajira hakuwezi kusomwa moja kwa moja kama habari njema. Mtu wa miaka 60 aliyepumzika mapema kwa sababu mgongo umechoka, akarudishwa kwenye shifti kwa sababu ya kadi ya hospitali, kwenye takwimu ameongeza ajira, kwenye maisha yake amepungukiwa.

Mishahara sasa, maana hapa ndo watu wanachanganya mambo.

Bima ya mwajiri Marekani sio zawadi. Ilikua kwa ajali ya kihistoria, wakati wa vita ya pili ya dunia serikali ilifunga mishahara isipande lakini ikaziacha bima nje ya kifungo hicho, waajiri wakaanza kuvutia wafanyakazi kwa bima, baadaye sheria ya kodi ya 1954 ikaweka wazi kwamba mchango wa mwajiri haukatwi kodi, ikawa mazoea ya nchi nzima. Mwaka 2005, kwa hesabu za Kaiser Family Foundation, shirika la utafiti wa mambo ya afya, bima ya mtu mmoja kazini ilikuwa wastani wa dola 4,024 kwa mwaka, mfanyakazi akichangia kama 610, iliyobaki anaweka mwajiri. Mtu wa masaa 40 kwa wiki anafanya masaa 2,080 kwa mwaka, kwa hiyo sehemu ya mwajiri ni kama dola 1.64 kwa kila saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa dola 5.15. Ya familia ndo balaa zaidi, dola 10,880, wakati mtu wa kima cha chini anayefanya kazi mwaka mzima bila kukosa anapata dola 10,712. Soma tena hiyo. Bima ya familia ilizidi mshahara wote wa mwaka.

Kwa mfanyakazi wa mshahara mkubwa hiyo 1.64 inamezwa kimya kimya: mwajiri anampa nyongeza ndogo kuliko ambayo angempa, na mfanyakazi anakubali kwa sababu bima ina thamani kwake. Mchumi Lawrence Summers aliliandika hili mwaka 1989, kwamba faida ambayo mfanyakazi anaithamini kwa bei yake kamili inaishia kulipwa na mshahara wake mwenyewe na ajira haisogei sana. Ila kwa mtu wa kima cha chini mshahara hauwezi kushushwa, sheria imekataa, kwa hiyo mwajiri anabaki na machaguo mawili, asimwajiri au amwajiri bila bima, mara nyingi kwa masaa machache. Ndo maana watu wa chini ndo walikuwa hawana bima za kazini, na ndo hao TennCare iliwashika.

Kwa hiyo TennCare ilikuwa inafanya nini kwenye soko la mishahara? Ilikuwa inampa mfanyakazi nguvu ya kusema hapana. Mwenye bima yake mkononi anaweza kukubali kazi yenye mshahara mzuri zaidi isiyo na bima, au kumuacha bosi msumbufu, au kufungua biashara yake. Ukiiondoa, kazi zenye bima zinapata foleni ndefu, na foleni ikiwa ndefu mwajiri hana haraka ya kuongeza mshahara. Na tofauti ya mshahara kati ya kazi zenye bima na zisizo nayo ni kitu kinachopimika: Massachusetts walipopanua bima mwaka 2006, wachumi Jonathan Kolstad na Amanda Kowalski walikuta kazi zenye bima zinalipa pungufu kwa kiasi kinachokaribia gharama yenyewe ya bima kwa mwajiri. Yani watu wanailipia, hawaioni tu kwenye slipu ya mshahara.

Halafu usisahau TennCare haikuwa inakatwa kwenye mshahara. Ililipwa na kodi za jumla na hela ya serikali kuu, kwa hiyo mwajiri hakuongezewa gharama wala kupunguziwa chochote moja kwa moja, mabadiliko yote yalitoka upande wa mfanyakazi, anataka kazi au hataki. Nchi inayopanua bima kwa kukata asilimia ya mshahara inacheza mchezo mwingine, huko unaangalia pia mwajiri anafanyaje na yale makato. Chile mwaka 1981 ilipopunguza sana makato ya waajiri, mchumi Jonathan Gruber alikuta mishahara ilipanda kufidia karibu punguzo lote na ajira haikubadilika. Ni ushahidi wa upande huo mwingine, ila watu wanaweka Tennessee na mifumo ya makato kwenye chungu kimoja kisha wanagombana.

Je hiyo namba ya sita kati ya kumi ni ya kuaminika? Mimi mwelekeo nauamini, ukubwa wake hapana. Kwanza jimbo lililoguswa ni moja. Dodoso la serikali lililotumika lina sampuli ndogo ukishafika ngazi ya jimbo na kuchuja wasio na watoto tu, na jimbo moja linaweza kuwa na mwaka mzuri wa ajira kwa sababu zake lenyewe. Pili angalia tarehe: Agosti 2005 kimbunga Katrina kimepiga Louisiana na Mississippi, ambayo ni majimbo ya kusini yale yale ya kulinganishia. Kulinganisha wenye watoto na wasio na watoto kunapunguza hilo tatizo kwa sababu kimbunga hakichagui mwenye mtoto, lakini hakulimalizi. Na waliorudia wamepata mambo tofauti. Thomas DeLeire alitumia dodoso linalofuatilia watu wale wale kwa muda, hakuona ajira ikipanda kwa waliotolewa, alichoona ni afya na matibabu kuzorota. John Ham na Ken Ueda nao wakarudia kwa data kubwa zaidi na vipimo vikali zaidi vya makosa ya kitakwimu, lile ongezeko likapoteza uimara.

Kumbe hata bila hayo, sita kati ya kumi ni ngumu kumeza. Kati ya waliotolewa kuna waliokuwa kazini tayari, kuna wagonjwa kweli kweli, kuna waliopata bima ya mume au mke. Uwachuje hao wote halafu bado sita waingie kazi mpya zenye bima ndani ya muda mfupi? Waajiri wa Tennessee walikuwa na nafasi hizo zote zinangoja nani?

Kilichotokea baadaye pale bima ilipopanuliwa badala ya kupunguzwa kinaunga mkono tahadhari hii. Oregon mwaka 2008 waliendesha bahati nasibu, karibu watu 90,000 walijiandikisha kugombea nafasi 10,000 za Medicaid, kwa hiyo walioshinda na walioshindwa hawana tofauti ila bahati, jaribio safi kuliko la Tennessee. Ajira ya waliopata ilishuka kwa pointi 1.6 hivi, kiasi ambacho kitakwimu huwezi kukitofautisha na sifuri. Kabla ya Obamacare kuanza kazi kamili 2014, wale wachumi watatu walikadiria kwa hesabu ya Tennessee kwamba watu kati ya 530,000 na 940,000 wangeacha kazi. Majimbo yakapanua Medicaid, mengine yakakataa, tafiti nyingi zilizolinganisha makundi hayo mawili hazikukuta anguko la ajira la maana. Wisconsin ndo inavuta upande mwingine, huko jimbo lilipofunga uandikishaji wa bima yake 2009 watafiti walikuta walioingia kwenye bima wamepungua makazini kuliko walioachwa kwenye foleni, na wao pia walikuwa watu wazima wasio na watoto.

Usiniulize nani kamshinda nani hapo, maana mazingira yamebadilika. Kuanzia 2014 kampuni za bima haziruhusiwi kumkataa mtu kwa ugonjwa alionao, na mwenye kipato cha kati anapata ruzuku ya kununua mwenyewe. Kufuli iliyomfunga yule mtu wa kisukari wa 2005 imelegezwa pande zote mbili, ukimpa bima hana sababu kubwa ya kuacha kazi, ukimnyang'anya hana sababu kubwa ya kukimbilia kwa mwajiri.

Na bili ya waliotolewa haikuyeyuka. Wale wachumi watatu walikuja kuangalia hospitali, kisa hiki cha Tennessee kikiwemo, wakakuta kila mtu anayekosa bima anaiachia hospitali ya eneo lake deni la kama dola 800 kwa mwaka la matibabu yasiyolipwa, sababu sheria inailazimisha hospitali kumpokea mtu wa dharura hata kama hana kitu. Wengine wakaangalia rekodi za mikopo, madeni yaliyochelewa yakawa yameongezeka sehemu zilizopoteza watu wengi TennCare. Hospitali za Tennessee zilijifunza hilo kwa vitendo, kiasi kwamba gavana Bill Haslam alipoleta Insure Tennessee, mpango wa kuwapa tena bima watu wa kipato cha chini, zenyewe ndo zilijitolea kulipa sehemu ya jimbo ili bajeti isiguswe hata senti. Februari 2015 mpango huo ukafia kwenye kamati ya seneti ya jimbo, wapinzani wakikumbushia TennCare ilivyokula bajeti.